Nzi Kwenye Kiduara

Mhandisi alifika nyuma ya benki akikimbia. Tuseme ukweli mapema, tusije tukaoneana haya baadaye: hakuwa mhandisi wa kitu chochote. Jina hilo alilipata siku aliyobadilisha balbu katika ofisi ya watu akiwa amevaa koti, na kwa kuwa balbu iliwaka, hakuona sababu ya kuwasahihisha. Asubuhi ile alikuwa anamkimbia muuza mkaa mmoja aliyekuwa amenunua kwake saa ya mkononi yenye mishale iliyochorwa kwa kalamu. Muuza mkaa alichukua siku tatu kugundua, na Mhandisi alilihesabu jambo hilo kama sifa kwa mchoraji.

Nyuma ya benki palikuwa na uchochoro, na uchochoroni walikaa watu wazima kama kumi na tano, juu ya matofali, migongo ukutani, kila mmoja na simu yake mkononi, kimya. Mhandisi alidhani ni msiba. Akavua kofia, akakalia tofali lililokuwa wazi, akainamisha kichwa kama mfiwa, akangoja hatua za muuza mkaa zipite barabarani. Zikapita. Ndipo akamgeukia mwanamke aliyekaa kando yake, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likachoka.

"Poleni, dada," alinong'ona. "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu," mwanamke alisema bila kuinua macho. "Tunasoma."

Mhandisi akachungulia. Kwenye simu ya yule dada kulikuwa na ukijivu mtupu, na katikati ya ukijivu kiduara cheupe kinazunguka. Akachungulia simu ya upande wa pili. Kijivu, kiduara. Ya tatu, vivyo hivyo. Watu kumi na tano wenye akili timamu walikuwa wamekodoa macho kwenye viduara kumi na vitano, na mmoja alikuwa na daftari wazi na kalamu tayari.

Yule dada alimweleza. Walikuwa wanafunzi wa chuo cha masafa, kile ambacho hakina madarasa wala madawati, kina ada tu. Masomo yote yalikuwa ya video, mihadhara kumi na miwili kwa kila kozi, na video zilihitaji mtandao wenye nguvu. Mtandao wenye nguvu ulikuwa ndani ya benki. Kwa rehema za fundi aliyejenga vibaya, kidogo ulivuja kupitia dirisha la choo.

"Mhadhara mmoja una saa mbili," alisema. "Mimi niko dakika ya nne."

"Umeanza saa ngapi?"

"Juzi."

"Na hizo dakika nne zinasemaje?"

"Muziki wa chuo, halafu mkuu wa chuo anatukaribisha. Kila mhadhara unaanza hivyo hivyo, kozi zote. Akimaliza tu kutukaribisha, inakwama."

Mhandisi alihisi kitu kinamtekenya kwenye mbavu, kama kawaida yake riziki inapobisha hodi. Akauliza polepole, ili asiishtue hiyo riziki, "Kwa hiyo hapa ukutani hakuna hata mmoja anayejua kilichoko baada ya dakika ya nne?"

"Labda mkuu wa chuo mwenyewe," alisema yule dada. "Na yeye simwamini sana."

Kisha, kwa sababu kiduara kilikuwa bado kinazunguka na hana pa kwenda, akamwambia mengine. Alikuwa anafanya kazi kwenye duka la dawa pale karibu na stendi. Miaka tisa alikuwa anafagia na kupanga maboksi, na kila dawa alijua ilipo hata umfunge macho. Lakini kusimama dirishani na kumpa mgonjwa dawa hakuruhusiwa, maana hana cheti. Sasa mwenye duka alikuwa ametoa neno la mwisho. Mtihani ulikuwa baada ya wiki kumi. Akifaulu, dirisha ni lake. Akifeli, dirisha anapewa mpwa wa mwenye duka, kijana asiyejua dawa ya kikohozi na ya kuua mende zinatofautiana wapi, na ufagio nao anapewa mtu mwingine.

"Nina watoto wawili na mama," alimalizia, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyomo kwenye boksi. "Basi ndiyo hivyo."

Mhandisi alisikitika. Tusimwonee, alisikitika kweli, kwa muda kama wa kupiga chafya. Halafu akasimama, akavaa kofia, na kuelekea nyumbani kwa shangazi yake, aliyekuwa na meza nzuri ya jikoni.

Alichofanya juu ya meza ile hakikuhitaji uhandisi. Kabla ya kuondoka uchochoroni alikuwa ameazima simu ya mwanafunzi mmoja mpaka jioni, kwa kisingizio cha kumpigia mgonjwa, akanakili zile dakika nne za mkuu wa chuo. Kisha video ilipokwama, kama ilivyo desturi yake, akaiweka simu mezani, akashika ya kwake juu, na kukipiga kiduara picha ya video kwa dakika saba. Dakika ya tano alikuja nzi. Alitua kwenye kona ya juu ya kioo, akateremka mpaka kwenye kiduara, akakizunguka mara moja kama mkaguzi, akasimama, akasugua mikono, akaondoka zake upande wa kulia. Mhandisi alitaka kurudia. Lakini shangazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mboga.

"Ondoa takataka zako mezani. Mimi napika."

"Shangazi, hapa natengeneza chuo."

"Katengenezee nje."

Basi nzi akabaki. Mhandisi aliziunga zile dakika saba moja baada ya nyingine mpaka zikafika saa mbili, akaweka mbele yake mkuu wa chuo na makaribisho yake, akainakili video hiyo mara kumi na mbili kwenye memori kadi, na kuiandika "Mhadhara wa 1", "Mhadhara wa 2", mpaka "Mhadhara wa 12". Shangazi alipika mboga zake hana hili wala lile.

Kesho yake alirudi uchochoroni na koti, tai, na mkoba wenye memori kadi ishirini.

"Ndugu wanafunzi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeteseka kwa ajili yao. "Mimi ni mhandisi. Nimewaona jana nikashindwa kula. Humu ndani kuna mihadhara yote kumi na miwili, ya kozi yoyote. Unaichomeka kwenye simu, unakaa kwako, juu ya kiti, kama binadamu."

"Na haikwami?" aliuliza mzee mmoja.

Hapa ndipo utamjua fundi. Mwongo wa kawaida angesema haikwami. Mhandisi alimtazama mzee machoni, akasema, "Baba, mimi si mtu wa kukudanganya. Inakwama. Kadi inaivuta video kidogo kidogo kutoka hewani. Itazunguka. Ikizunguka, usiiguse. Ukiigusa, inaanza upya. Watu wengi wanaharibu hapo, kwa kukosa subira."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Subira walikuwa nayo ya kutosha, ndiyo kitu pekee walichokuwa wamejifunza mpaka hapo. Ukweli wake uliwagusa kuliko ahadi yoyote, na mkoba ukawa mwepesi kabla benki haijafungua milango. Karani mkuu wa ofisi ya kodi, mtu wa tumbo na miwani, alinunua kadi tatu, ya kwake na za akiba. Hakuifungua hata moja. Cheti alikitaka, mihadhara alikuwa hana nayo haja, na kwa sababu hakuwahi kuifungua, ndiye aliyeisifu zaidi. "Kitu safi kabisa," aliwaambia ofisini kwake. "Mimi nimeshamaliza." Wateja wengine saba wakapatikana hivyo.

Yule dada wa duka la dawa alikuja wa mwisho. Alitoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, kama za mtu aliyezificha ili asizione mwenyewe.

"Una uhakika, kaka?" aliuliza. "Mimi sina nyingine ya kununulia kosa."

"Dada," alisema Mhandisi, mkono kifuani, "ningekuwa na dada yangu wa tumbo moja, ningempa hii hii."

Hilo lilikuwa kweli. Angempa, na angemlipisha.

Wiki tatu zilipita, za raha. Mhandisi alihamia upande wa pili wa mji, kwenye mgahawa mmoja wa chai wenye viti vya plastiki, akawa anakunywa chai yake ya maziwa saa nne ya asubuhi kama mtumishi mstaafu. Siku moja akainua macho na kumwona yule dada amesimama mbele ya meza, na lile koti lake jeupe. Mhandisi alipima umbali wa mlango. Mwenye mgahawa alikuwa amesimama katikati yake na sinia.

"Mhandisi," alisema yule dada, na akatabasamu. "Nimekutafuta kweli kweli. Umepotea sana."

Hakuna aliyewahi kumtafuta Mhandisi kwa tabasamu. Alibaki na kikombe hewani.

"Karibu kiti, dada. Na kadi... inaendeleaje?"

"Inazunguka vizuri tu. Nadhani simu yangu ndiyo mbovu. Jaribio la kwanza, lile la kabla ya mtihani, nimeanguka, lakini kosa si lako, ni mimi sikuwa na subira." Alikaa. "Nimekuja na kazi."

Mhandisi alishusha kikombe, na pamoja nacho heshima yote aliyokuwa nayo kwa akili ya yule mwanamke. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye duka alikuwa na ndugu zake, nao walikuwa na maduka ya dawa sita, na kwenye maduka hayo kulikuwa na wafanyakazi arobaini wasio na vyeti. Wote wangesajiliwa chuoni. Wote wangehitaji kadi. Bei ambayo wenye maduka walikuwa tayari kutoa kwa kila kadi ilikuwa mara tano ya ile ya uchochoroni, na malipo yangepitia kwenye simu ya yule dada, maana ndiye waliyemwamini.

"Kuna jambo dogo tu," alisema. "Mmoja wao ni mzee msumbufu. Anataka kadi moja kwanza, aiangalie yote mwenyewe, kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Akiridhika na hiyo, hizo nyingine thelathini na tisa hataki hata kuzifungua."

Mhandisi alipiga hesabu ya upesi, ile ambayo haihitaji kalamu. Kadi moja ya kweli, thelathini na tisa za kiduara. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake angelazimika kuuza kitu kilichopo, lakini kilikuwa kimoja tu, na mtu akijikaza anaweza kuvumilia.

Yule dada akamwandikia namba yake ya uanafunzi na neno lake la siri kwenye karatasi ya kufungia dawa. "Utaingilia kwa jina langu. Mimi nimebaki na ukuta wa benki tu, na juzi wamepiga lile dirisha la choo kioo kipya. Wewe mwenzangu una njia zako."

"Njia ninazo," alisema Mhandisi.

Hakuwa nazo. Alianza kwa kununua bando, na bando likaisha mkuu wa chuo akiwa bado anakaribisha watu. Akanunua kubwa zaidi. Mhadhara wa kwanza ulipakuliwa kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, ukafika asilimia tisini na saba, umeme ukakatika, na uliporudi, video ikaanza upya kwenye sifuri. Akapanda juu ya tangi la maji la jirani, ambako inasemekana mtandao unafika. Haukufika, ila jirani alifika. Siku ya nne alikaa kwenye ngazi za shangazi yake na simu mkononi, akiangalia kiduara kinazunguka, na ghafla akagundua kwamba alikuwa amekaa hivyo kwa saa moja na nusu. Aliona aibu, akatazama kama kuna mtu amemwona.

Ndipo akakumbuka kliniki ya daktari wa meno kule kwenye majengo mapya. Ilikuwa na milango ya vioo, makochi ya ngozi, na tangazo ukutani: mtandao wa bure kwa wagonjwa wetu. Mtandao wenyewe ulikuwa wa moto. Kitu kimoja tu kilihitajika, kuwa mgonjwa.

Siku ya kwanza aliingia ameshika shavu. Mpokezi, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alimwandika na kumwambia angoje. Alingoja kwa furaha. Mhadhara wa kwanza ukaingia wote, na wa pili ukafuata. Foleni ilipomkaribia, alisimama na kusema jino limepoa. Siku ya pili likauma tena, likapoa kwenye mhadhara wa nne. Siku ya tatu hivyo hivyo, mpaka wa nane.

"Kaka," alisema mpokezi siku ya nne, "hili jino lako lina ratiba."

"Linanitesa sana, mama."

"Linakutesa saa mbili asubuhi, linakuachia saa sita. Jino la serikali hilo. Leo utaingia wa kwanza."

Mhandisi alitazama simu. Mhadhara wa tisa ulikuwa asilimia kumi na nane. Akaingia, simu imefichwa mfuko wa shati, akafungua mdomo. Daktari alipekua kote na kijiko chake cha chuma, akagonga hapa, akagonga pale.

"Sioni tatizo," alisema. "Una meno mazuri kuliko yangu."

"Angalia tena, daktari. Taratibu."

Daktari akaangalia tena, taratibu. Mhandisi akachungulia mfukoni: asilimia arobaini. "Kweli sioni kitu. Unaweza kwenda."

"La nyuma huko," Mhandisi alisema kwa haraka, akaelekeza kidole popote kilipoangukia. "Hilo. Usiku sipati usingizi."

"Hili? Ni zima kabisa."

"Linajificha."

Daktari alikuwa mtu anayeheshimu matakwa ya mgonjwa, hasa mgonjwa anayelipa papo hapo. Akachukua sindano ya ganzi. Mhadhara wa tisa ulimaliza kuingia jino lilipokuwa linatoka, na wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili iliingia wakati Mhandisi amelazwa kwenye kochi la ngozi na pamba mdomoni, akisubiri kizunguzungu kiishe. Mpokezi alimpepea na faili. Pole alizopewa siku ile zilikuwa pole za kwanza maishani mwake ambazo hakuzipata kwa udanganyifu, ukiacha kwamba jino halikuwa na kosa.

Ikabaki kuhakikisha kwamba video zote ni nzima. Aliketi kwenye meza ya shangazi akaziangalia, akidhani atarukaruka. Lakini mwalimu wa kozi ile, mama mmoja mkavu asiyecheka, alikuwa na namna ya kusema "sikiliza hapa" iliyomfanya Mhandisi asikilize. Mhadhara wa pili aliuangalia wote. Wa tatu akaandika vitu viwili vitatu nyuma ya bahasha. Ilipofika wa saba alikuwa anaamka mapema.

"Wewe unaumwa?" aliuliza shangazi asubuhi moja.

"Siumwi. Shangazi, hebu lete dawa zako." Akazipanga mezani. "Hii na hii ni kitu kimoja, wamebadilisha majina tu. Nani amekuambia umeze zote mbili?"

"Hakuna. Nilinunua kwa watu wawili tofauti."

"Acha moja. Rudi kwa daktari akuandikie upya. Na hii si kabla ya kula, ni baada."

Shangazi alikaa kwenye kiti. "Mtoto wa kaka yangu amepata kazi," alisema, na macho yakamlowa.

"Sijapata kazi."

"Unaamka alfajiri, unasoma, umekonda. Hiyo inaitwaje?"

Mhandisi akarudi kwenye mhadhara wake. Alikasirika mpaka jioni, kwa sababu alikuwa ametukanwa vitu vingi katika maisha yake lakini si hicho.

Walikutana na yule dada kwenye mgahawa ule ule, wiki tatu kabla ya mtihani. Alikuja na simu mbili, ya kwake ya kila siku na nyingine kuukuu yenye ufa kwenye kioo, ambayo alisema ndiyo ya malipo. Aliichomeka kadi kwenye ile ya kila siku, akafungua mhadhara wa tano katikati, akasikiliza kwa makini. Akafungua wa kumi na moja mwishoni.

"Na huu wa saba unasemaje?" aliuliza.

"Huo usiuruke," alisema Mhandisi, akasogeza kiti. "Huo ndio wenyewe. Dawa mbili, majina mawili, kazi moja. Mgonjwa anakuja na karatasi mbili kutoka kwa madaktari wawili, wewe ukiwa na haraka unampa zote, umemuumiza. Unamuuliza kwanza, nyumbani una nini? Yule mama anasema hivi: muulize kabla hujanyoosha mkono kwenye rafu."

Yule dada alimtazama kwa namna ambayo Mhandisi hakuielewa. Ilikuwa karibu sawa na huruma. "Umeelewa vizuri," alisema.

"Mimi mhandisi."

"Basi nikulipe." Alishika ile simu yenye ufa, akabonyezabonyeza akiwa ameigeuzia upande wake, akaiweka mezani katikati yao. Kijivu, na kiduara cheupe kinazunguka. "Nimetuma nusu ya malipo ya kadi zote arobaini. Mtandao leo umelala. Mimi zamu yangu imefika na mzee msumbufu anangoja kadi. Tufanye hivi, baki na simu. Ikikubali, utaletewa ujumbe kwenye yako. Jioni nitaipitia."

Akili ya Mhandisi iliruka haraka kama kawaida yake. Malipo, na simu juu. Mwanamke anamwachia simu mtu kama yeye. Alijitahidi asicheke.

"Nenda kwa amani, dada. Ipo mikono salama."

"Najua. Ila usiiguse," alisema yule dada akisimama, kadi ndani ya mfuko wa koti. "Ukiigusa, inaanza upya."

Akaenda. Mhandisi aliagiza chai ya pili na chapati mbili, kwa hesabu ya kile kinachokuja. Kiduara kikazunguka. Aliweka simu yake mwenyewe kando, uso juu, ili ujumbe usimpite. Mwenye mgahawa alipita na kitambaa chake akauliza kama mambo ni sawa, naye akasema anangoja kitu kidogo. Ulimi wake ulikwenda wenyewe kwenye pengo la jino, ukakaa pale.

Nzi akatua kwenye kona ya juu ya kioo.

Mhandisi akampungia mkono. Nzi hakujali. Akateremka polepole mpaka kwenye kiduara. Mhandisi akampuliza. Nzi akakizunguka kiduara mara moja, akasimama, akasugua mikono. Mhandisi alikuwa ameinua kidole ili amsukume, na kidole kikabaki hewani, kwa sababu mwendo ule aliujua. Aliwahi kuona nzi wengi, lakini huyu alikaa naye meza moja. Nzi akaondoka zake upande wa kulia.

Aliigusa simu. Chini ya kioo ukatokea mstari mwembamba wa video, na juu yake maandishi: Mhadhara wa 1. Akaigeuza, akafungua mgongo wake. Hakukuwa na laini ndani. Betri ilikuwa imefungwa kwa mpira wa kufungia maboksi ya dawa.

Hatuna haja ya kumchungulia zaidi pale mezani. Inatosha kusema kwamba alifunga mgongo wa simu, akaianza video upya, akaiweka mezani, akaangalia tena. Huenda alitaka kuwa na uhakika. Mwenye mgahawa alipokuja na hesabu ya chai na chapati, alimkuta ameinama juu yake.

"Imekubali?" aliuliza.

"Inazunguka," alisema Mhandisi.

Watu arobaini hawakuwepo, wala mzee msumbufu. Walikuwepo watu wa ukutani, na mihadhara ya kozi ya dawa iliwafikia wote walioisomea, bure, kutoka mkono hadi mkono. Walifaulu karibu wote. Wa kozi nyingine waliambiwa habari za daktari wa meno, na inasemekana mwezi ule kliniki ilipata wagonjwa wenye nidhamu sana. Karani mkuu hakufanya mtihani wowote. Alipandishwa cheo.

Miezi miwili baadaye, jino la jirani na lile pengo lilianza kumuuma Mhandisi, safari hii kwa haki kabisa. Alivumilia siku mbili, ya tatu akaingia kwenye duka la dawa lililokuwa karibu, lile la stendi, shavu limevimba kama amemeza kikombe. Alikuwa hana nguvu hata za kusoma kibao. Dirishani alisimama yule dada, koti jipya, na cheti ndani ya fremu nyuma ya bega lake. Mpwa wa mwenye duka alikuwa anapanga maboksi.

Walitazamana. Mhandisi alikuwa na hotuba nzima ya siku kama hii, lakini mdomo haukufunguka vya kutosha.

"Limeanza lini?" aliuliza yule dada.

"Juzi."

"Nyumbani una dawa yoyote ya maumivu? Umeshameza kitu?"

"Sijameza," alisema Mhandisi. Kisha hakujizuia. "Umefanya vizuri kuuliza kabla hujanyoosha mkono kwenye rafu."

Yule dada akanyoosha mkono kwenye rafu. Alimwandikia kwenye pakiti asubuhi ngapi, jioni ngapi, baada ya kula, akamwambia hii ni ya kutuliza tu, kesho aende kwa daktari. Aliyaeleza yote bila haraka, kama anavyoelezwa mgonjwa yeyote. "Na mtihani unakuja tena mwakani," aliongeza kwa sauti ya chini. "Wewe ungefaulu. Nakuambia kweli."

Mhandisi akatoa simu yake alipe, na mara hii kwa dhati alitaka kulipa. Fedha ilikuwepo, jino lilikuwepo. Alibonyeza. Kioo kikawa kijivu, na katikati kiduara cheupe kikaanza kuzunguka.

"Dada, nimetuma. Mtandao tu. Naapa nimetuma."

Yule dada aliitazama simu, akaichukua pakiti ya dawa kutoka kaunta, akairudisha upande wake wa dirisha.

"Kaa pale kwenye benchi, kaka, wenzako wapite," alisema. "Ikikubali, niite. Na usiiguse."

Mhandisi akaenda kukaa.